Hifadhi Ardhi Shinyanga, 1986–2004: Ngitili, Kuni na Haki ya Mwanamke

Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wakazi wa Usukuma waliuzoea kwa kifupisho chake cha HASHI, ulianzishwa na Serikali ya Tanzania mwaka 1986 na kufungwa mwaka 2004, na katika miaka hiyo kumi na minane ulifanya jambo lililoishinda miradi mingi ya hifadhi barani Afrika, yaani kuirudishia miti nchi iliyokwisha kuvuliwa miti, bila kumfukuza mkulima wala kumnyang'anya ng'ombe wake. Historia ya mpango huo imeandikwa mara nyingi kwa vipimo vya hekta na kwa idadi ya vijiji. Hapa inatazamwa kutoka upande wa mwanamke wa kijijini, aliyeubeba mzigo wa upotevu huo wa miti kichwani siku hadi siku, kwa kuwa bila yeye haiwezekani kupima sawasawa mafanikio ya HASHI, wala kuiona kazi ambayo HASHI iliiacha bila kuimaliza.

Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo ulikuwa mpana kuliko unaojulikana leo. Ndani yake zilikuwamo wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu, na Wilaya ya Bukombe, ambayo mwaka huo huo iliingizwa katika Mkoa mpya wa Geita pamoja na maeneo yaliyotoka Mwanza na Kagera. Kwa hiyo sehemu ya eneo lililohudumiwa na HASHI sasa imo katika mkoa wa dhahabu, jambo litakalorejewa mbele. Ni nchi ya ukame wa wastani, inayopata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka kati ya Oktoba na Mei, kisha huingia kiangazi kirefu ambacho mfugaji asiye na akiba ya malisho hukimaliza akiwa na mifugo iliyobaki mifupa. Walio wengi ni Wasukuma, watu wanaolima na kufuga kwa pamoja, ambao kwao ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni nguvu ya kukokota plau na ni heshima ya mwenye boma.

Nchi hiyo haikuwa tupu tangu asili. Ilifunikwa na misitu ya miombo na ya migunga, na misitu hiyo iliondolewa kwa awamu, kila awamu ikiwa na sababu iliyoonekana ya busara kwa wakati wake. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza, ikiongozwa katika jambo hili na Charles Swynnerton aliyesimamia utafiti wa mbung'o huko Shinyanga, iliwakusanya wananchi kwa wingi kufyeka vichaka ili mdudu huyo, anayeeneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu, akose mahali pa kuzaliana. Pamba ikafuata, na hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikadai mashamba makubwa zaidi, huku ng'ombe wakiongezeka katika maeneo yaliyokombolewa kutoka kwa mbung'o. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1950, ulijaribu kuzuia mmomonyoko kwa amri za kupunguza mifugo na kulima kwa matuta, lakini amri hizo ziliwachosha watu hata wakaziona kuwa sehemu ya utawala wa kigeni, na uhuru ulipokaribia zikatupwa pamoja nao. Pigo lililofuata lilitoka kwa serikali yao wenyewe: Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilizikusanya kaya zilizoishi mbalimbali, nazo zikaacha nyuma malisho yao ya akiba, ambayo tangu siku hiyo hayakuwa na mlinzi wala mwenyewe.

Kwa mgawanyo wa kazi wa Kisukuma mwanamume ndiye mwenye ng'ombe na mwanamke ndiye mwenye jiko, na ndiyo sababu mti ulipotoweka hasara yake haikuwaangukia wote kwa uzito ule ule. Mume aliiona hasara hiyo kwenye mbavu za mifugo wakati wa kiangazi. Mke aliiona kila asubuhi. Safari ya kuni ilirefuka mwaka hadi mwaka, na kuni zilipokosekana kabisa alipikia mabua ya mtama, au miti ya pamba ambayo kanuni za kilimo zilitaka ing'olewe na kuchomwa baada ya mavuno ili kuua wadudu, na hatimaye mavi makavu ya ng'ombe, ambayo yangekuwa mbolea shambani. Moshi wa mavi ya ng'ombe ni mzito na unachoma, na mafiga matatu yalikuwa ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutosha. Aliyepikia hivyo kwa miaka thelathini alizeeka na macho mekundu, na katika Usukuma wa miaka hiyo macho mekundu ya bibi kizee yalichukuliwa kuwa alama ya uchawi. Mauaji ya vikongwe yaliyoitia doa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na ambayo Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyachunguza kwa kina, yana sababu nyingi, zikiwamo ugomvi wa ardhi na urithi, vifo vya watoto ambavyo jamaa walikosa maelezo yake, na ramli za waganga. Si haki kuyatwika yote juu ya uhaba wa kuni. Hata hivyo uhaba huo ulishiriki kumpa mshitaki ushahidi wake wa uongo, na mwandishi yeyote anayeuhesabu upotevu wa misitu ya Shinyanga bila kuwahesabu wanawake hao anaandika nusu ya habari.

Mwalimu Julius Nyerere, katika miaka yake ya mwisho ya urais, aliutaja mkoa huo kuwa jangwa la Tanzania, na mwaka 1986 HASHI ikaanzishwa chini ya wizara iliyosimamia misitu. Baadaye ilipata msaada wa Serikali ya Norwei na, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ushirikiano wa kitafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa chenye makao Nairobi kinachoshughulikia kilimo mseto, yaani ukuzaji wa miti pamoja na mazao au mifugo katika ardhi moja. Nchi ilikuwa tayari na mfano wa njia nyingine. Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoitwa HADO na iliyoanza mwaka 1973, iliamua mwaka 1979 kuiondoa mifugo yote katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko. Majani yalirudi, lakini gharama yake waliibeba wafugaji waliolazimika kuondoka na ng'ombe wao au kuwauza. Katika Shinyanga, ambako hakuna kaya isiyopima maisha yake kwa ng'ombe, amri ya namna hiyo isingetekelezeka bila kumwaga damu.

Hata hivyo HASHI yenyewe haikuanza na njia iliyoiletea sifa. Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya vitalu vikubwa vya serikali na miche iliyogawiwa vijijini, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na wananchi waliipokea kama watu wanavyopokea mali isiyo yao: mchwa walikula, mbuzi walikula, kiangazi kikamaliza. Mabadiliko yalikuja pale watumishi wa mpango walipoacha kuuliza ni mti gani upandwe, wakauliza wazee waliwezaje kuvuka viangazi kabla ya vijiji vya ujamaa. Jibu lilikuwa ngitili. Wendelen Mlenge, aliyekuwa meneja wa HASHI, ni miongoni mwa walioandika kuhusu mfumo huo ili wasomaji wa nje ya Usukuma waelewe kwamba kilichofufuliwa kilikuwa elimu ya wenyeji wenyewe.

Ngitili ni eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza, kwa kawaida Novemba au Desemba, lisiingizwe mifugo mpaka kiangazi kinapokolea mwezi wa Julai au Agosti, ambapo hufunguliwa kipande kwa kipande, na wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai watakaokokota plau msimu utakaofuata. Kwa kawaida halina uzio, kwani mpaka wake unajulikana kwa kichuguu, kwa njia ya ng'ombe au kwa mti ambao kila mtu kijijini anaujua. Mizizi iliyobaki ardhini tangu enzi za ufyekaji, ambayo mtu wa mjini angeiona kuwa imekufa, huchipua yenyewe ikipumzishwa na meno ya mifugo, na ndani ya misimu michache migunga, mikwaju na mipingo husimama tena juu ya majani bila mtu kumwagilia hata debe moja la maji. Zipo ngitili za kaya, ambazo nyingi ni za hekta chache, na zipo za kijiji au za taasisi kama shule, ambazo zinaweza kufika makumi au mamia ya hekta.

Ulinzi wake ulitegemea vyombo viwili ambavyo HASHI ilivikuta tayari na ikawa na busara ya kutovipuuza. Cha kwanza ni dagashida, baraza la jadi la Wasukuma linalokutana kuamua mambo yanayoihusu jamii nzima na kutunga kanuni zake. Cha pili ni sungusungu, jeshi la ulinzi la wananchi lililozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe na ambalo baadaye lilikabidhiwa pia ulinzi wa miti. Aliyeingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa, au aliyekata mti mbichi, aliitwa mbele ya wenzake, akasomewa kosa lake na kutozwa mchenya, yaani faini ambayo ingeweza kuwa mfugo. Na aliyekaidi alitengwa, hakutembelewa wala kusaidiwa kwenye msiba, adhabu ambayo kwa Msukuma ni nzito kuliko ya mahakama. Kanuni hizo zilipotakiwa kuwa na nguvu ya sheria zilipelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, zikapitishwa kuwa sheria ndogo. Tofauti ya mabaraza hayo mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa dagashida kwa desturi lilikuwa baraza la wanaume, ilhali katika mkutano wa kijiji mwanamke ana kura sawa na ya mwanamume, ingawa kuwa na kura na kusimama kusema mbele ya baba mkwe ni mambo mawili yasiyolingana.

Matokeo yalipita matarajio. Mwaka 1986 ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipofungwa, makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 350,000 katika vijiji 833. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya wizara ya maliasili na shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, chini ya uongozi wa Profesa Gerald Monela na kuchapishwa mwaka 2005, ulikadiria kwamba mazao ya ngitili yalimpa mkazi mmoja thamani ya dola za Marekani 14 kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Ndani ya thamani hiyo zimo kuni, nguzo, majani ya kuezekea, asali, dawa za miti shamba, uyoga, matunda na mboga za porini kama mlenda.

Vitu hivyo, ukiondoa nguzo na asali, karibu vyote hupita mikononi mwa mwanamke kabla ya kufika chunguni au darini, na utafiti huo huo ulipata kwamba muda uliookolewa katika kutafuta kuni ulikuwa kati ya saa 2 na 6 kwa siku, na katika kuteka maji saa 1 hadi 2. Takwimu hizo zinastahili kusomwa taratibu. Kanuni za ngitili kwa kawaida zilimruhusu mwanamke kuokota kuni kavu na kuchuma mboga hata pale ng'ombe walipokatazwa kuingia, kwa hiyo kwake eneo hilo halikufungwa kabisa wakati wowote wa mwaka. Na mwanamke aliyepata saa nne zake kila siku alipata nafasi ya kupalilia shamba lake kwa wakati, ya kukausha michembe ya viazi vitamu na nsansa za mboga kwa ajili ya kiangazi, ya kuhudhuria kikundi cha kuweka na kukopa, au ya kulala tu, haki ambayo wachambuzi wa maendeleo huisahau kwa kuwa haizalishi kitu cha kuhesabika. Binti yake, aliyekuwa akimfuata kubeba mzigo wa pili, aliweza kuwahi shule. Hakuna programu ya wakati huo mkoani Shinyanga iliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya wanawake ambayo inajulikana kuwapunguzia kazi kwa kiwango hicho, na HASHI, ambayo iliundwa kwa ajili ya udongo, inastahili heshima hiyo bila masharti.

Mahali HASHI ilipokwama ni kwenye umiliki. Katika vijiji 172 vilivyochukuliwa kuwa sampuli, zilihesabiwa ngitili 18,607, na kati ya hizo za jumuiya zilikuwa 284 tu. Zilizobaki, zaidi ya 18,000, zilikuwa za kaya, na katika mila ya Kisukuma kusema kaya kwenye jambo la ardhi ni kusema mwanamume mwenye kaya na, baada yake, ndugu zake na wanawe wa kiume. Mwanamke alikuwa na ruhusa ya kutumia, na ruhusa hiyo ilitegemea ndoa. Mume alipofariki ingeweza kufariki pamoja naye, kwa kuwa kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo zilikusanya desturi za jamii zinazofuata ukoo wa baba na kuzipa nguvu ya sheria, hazimtambui mjane kuwa mrithi wa mumewe pale mume alipoacha ndugu wa ukoo wake, na zinamweka binti katika daraja la mwisho la warithi. Mpango uliojengwa juu ya mila, na ambao ulifaulu kwa sababu hiyo hasa, uliichukua mila pamoja na upungufu wake huu. Si lawama kwa watumishi wake, ambao hawakuwa na mamlaka ya kubadili sheria ya urithi, lakini ni ukweli ambao machapisho mengi ya sifa yanaupita kwa haraka mno.

Mwaka mmoja baada ya HASHI kufungwa, wajane wawili waliokuwa wameolewa kwa mila za Kisukuma mkoani Shinyanga, ambao kila mmoja alipoteza makazi na mali ya ndoa baada ya kufiwa na mume, waliipeleka sheria hiyo ya 1963 Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, ikiona kwamba mila haibadilishwi kwa tamko la jaji. Rufaa haikuwafikisha popote, wakapeleka lalamiko lao kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ilitoa uamuzi kwamba Tanzania imevunja haki zao na kwamba kanuni hizo zifutwe au zirekebishwe. Mashauri hayo kwa kawaida hujadiliwa na wanasheria peke yao, ilhali ni sehemu ya historia ya ardhi ya Shinyanga sawasawa na kurudi kwa migunga.

Sheria nyingine, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kufungua mlango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, inabatilisha mila inayomnyima haki hiyo, na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lina wajumbe saba na kazi ya kusuluhisha migogoro, liwe na wanawake wasiopungua watatu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kutangaza hifadhi zao wenyewe, na ngitili za jumuiya zikapata njia ya kutambuliwa kisheria. Kwa hiyo HASHI ilifunga kazi wakati ule ule ambapo zana za kuimaliza zilikuwa zimeanza kupatikana.

Upande wa magharibi, katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama kupita Bukombe hadi Geita, wanawake walilifikia swali hilo hilo la umiliki kwa njia nyingine. Wachimbaji wadogo waliokuwa Bulyanhulu waliondolewa Agosti 1996 kuupisha mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2001, na mgodi wa Geita ulianza uzalishaji wake wa kisasa mwaka 2000. Pembeni ya migodi hiyo, katika machimbo kama ya Rwamgasa na Nyarugusu, mwanamke alikuwa na nafasi iliyofanana ajabu na ile ya kwenye ngitili: alitumia kilichotoka ardhini bila kuwa na kauli juu ya ardhi yenyewe. Imani kwamba mwanamke akishuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, dhahabu hukimbia, ilimweka juu ya shimo akiponda mawe, akichekecha unga wake wenye vumbi linaloharibu mapafu, akiosha mchanga kwenye mwalo na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu, au akiwapikia wachimbaji kwa malipo yaliyosubiri bahati yao. Wengine waliokota magwangala, yaani mawe ya mabaki yanayotupwa na mgodi mkubwa, wakatafuta chembe zilizosahauliwa ndani yake.

Chama cha Wanawake Wachimbaji Madini Tanzania, TAWOMA, kilianzishwa mwaka 1997, wakati HASHI ikiwa katika miaka yake mizuri, na tangu mwanzo kilielekeza nguvu zake mahali ambapo HASHI haikugusa, kwenye karatasi ya umiliki. Lengo lake mojawapo lilikuwa wanawake wapate leseni ndogo ya uchimbaji kwa majina yao, leseni ambayo kwa sheria ya sasa hutolewa kwa Mtanzania kwa miaka saba katika eneo lisilozidi hekta 10, na ambayo mwenye nayo ndiye anayeamua nani achimbe na mgawo uweje. Leseni peke yake haiondoi umaskini, kwa kuwa mwanamke asiye na mtaji wa karasha, yaani mashine ya kuponda mawe, wala wa pampu na mafuta hulazimika kuingia ubia na mwenye fedha, na ubia huo mara nyingi humrudisha alikotoka. Lakini anaingia akiwa na kitu ambacho mwenzake anakihitaji.

Mikondo hiyo miwili, wa ngitili na wa dhahabu, imekutana kwa namna isiyo ya heri. Maduara yanahitaji magogo ya kuegemeza kuta zake, na kambi za wachimbaji zinahitaji mkaa, na vyote viwili hutafutwa kwenye miti iliyo karibu, zikiwamo ngitili za Kahama na Bukombe ambazo kijana aliyerithi anaweza kuziuza kwa msimu mmoja wa dhahabu bila mama yake kuulizwa. Kazi ya utafiti na ushauri iliyokuwa ya HASHI ilirithiwa na kituo cha misitu ya asili na kilimo mseto kilichoko Shinyanga, NAFRAC, na katika miaka ya mwanzo ya 2010 shirika la TaTEDO liliendesha mradi wa majaribio uliowaunganisha wenye ngitili katika vikundi ili wanufaike na malipo ya kutunza hewa ya ukaa. Swali la nani aandikwe kuwa mwenye ngitili lilijitokeza tena hapo, kwa sababu malipo ya aina hiyo humfuata aliyeandikwa. Sheria ya vijiji inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila itolewe kwa majina ya mume na mke kwa pamoja, na fomu ya maombi inajazwa kijijini penyewe, mbele ya halmashauri ile ile ya kijiji inayosimamia sheria ndogo za kufunga na kufungua ngitili.